Seva za zamani majumbani

Seva za zamani majumbani ni kompyuta zilizotengenezwa kwa kazi ya mfululizo katika ofisi, benki, vyuo na vituo vya data, ambazo baada ya kuondolewa kazini hununuliwa au kutolewa bure na kuwekwa katika nyumba za watu. Wanaozitumia zaidi ni wanafunzi wa teknolojia ya habari, mafundi wa kompyuta, walimu na wamiliki wa biashara ndogo. Seva hizo hutunza mafaili, huendesha tovuti, husambaza vitabu na video katika nyumba au shule, au hutumika kujifunzia.

Bei ya kununua seva kuukuu mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na uwezo wake. Gharama kubwa huja baadaye, kwa njia tatu: umeme, joto na kelele. Mambo hayo matatu ni mnyororo mmoja. Umeme unaoingia katika mashine hugeuka kuwa joto, joto hilo huondolewa na feni, na feni ndizo zinazoleta kelele. Kwa sababu hiyo mashine inayotumia umeme kidogo huwa pia baridi na tulivu.

Katika maeneo yenye joto kama Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, Tanzania, mnyororo huo huonekana wazi zaidi kuliko katika nchi za baridi, ambako watu wengi huandika maelekezo ya kutumia mashine hizi.

Historia

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa na za moto. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma nchini Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali takriban 18,000 na ilitumia umeme wa takriban kilowati 150. Ilihitaji chumba kikubwa na mitambo yake ya kupulizia hewa.

Tanzania ilipata kompyuta zake za kwanza katika miaka ya 1960, zikiwemo za Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo liliondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo watu wengi nchini walikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza baada ya hapo, na nyingi kati ya zilizofika zilikuwa zimekwisha kutumika ng'ambo.

Katika kipindi hichohicho seva bapa zilienea duniani. Hizi hupangwa moja juu ya nyingine katika kabati la chuma lenye upana wa inchi 19, yaani sentimita 48. Kimo chake hupimwa kwa kizio kinachoitwa U, na 1U ni milimita 44.45. Miongoni mwa seva zilizosambaa sana ni HP ProLiant DL380 na Dell PowerEdge 2950. Kampuni nyingi hubadilisha seva baada ya miaka mitatu hadi mitano, dhamana ya mtengenezaji inapokwisha. Mashine zinazoondolewa huwa bado nzima, na ndizo zinazoingia katika soko la mitumba.

Kwa nini zina kelele

Mtengenezaji wa seva hakutarajia kwamba mtu angelala karibu nayo. Mashine ilikusudiwa chumba maalumu chenye kiyoyozi, ambako kelele si hoja.

Sababu ya kwanza ni umbo. Ndani ya seva ya 1U hakuna nafasi ya feni kubwa. Hutumika feni za milimita 40, ambazo huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ili kupitisha hewa ya kutosha. Feni ndogo inayozunguka kwa kasi hutoa sauti nyembamba ya kupiga mluzi, ambayo huchosha sikio kuliko mvumo mzito wa feni kubwa. Seva ya 2U hutumia feni kubwa zaidi, na kwa kawaida huwa na nafuu kidogo.

Sababu ya pili ni kasi yenyewe. Kwa makadirio ya kihandisi, kasi ya feni ikipunguzwa kwa nusu, kelele hupungua kwa takriban desibeli 15. Hivyo kila kinachoongeza joto la chumba huongeza kelele, kwa kuwa mashine hupima hewa inayoingia na kuongeza kasi ya feni. Seva iliyotulia saa kumi na moja alfajiri huweza kuvuma saa nane mchana bila kuongezewa kazi yoyote.

Sababu ya tatu ni tahadhari. Seva nyingi zikiwashwa huzungusha feni zote kwa kasi ya juu kwa muda mfupi. Feni moja ikifa, au mfuniko ukiondolewa, nyingi huzungusha zilizobaki kwa nguvu zote.

Kwa nini zina joto

Kompyuta haifanyi kazi ya kuinua mzigo wala kusukuma maji. Karibu umeme wote unaoingia hutoka kama joto. Seva inayotumia wati 200 hupasha chumba sawa na taa mbili za zamani za wati 100 zilizowashwa usiku na mchana. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la takriban wati 100. Kwa hiyo seva hiyo ni kama watu wawili waliohamia chumbani na hawatoki kamwe.

Seva za zamani hutumia umeme mwingi hata zisipofanya kazi. Nyingi kati ya zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hutumia wati 150 hadi 300 zikiwa zimetulia. Zina prosesa mbili, diski kadhaa zinazozunguka, feni nyingi na mara nyingi visanduku viwili vya umeme. Jonathan Koomey, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba kwa miongo mingi hesabu zinazofanyika kwa kiasi kilekile cha umeme ziliongezeka maradufu kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ndiyo maana kompyuta ndogo ya leo inaweza kufanya kazi nyingi za seva ya mwaka 2006 kwa sehemu ndogo ya umeme wake.

Feni haiwezi kupoza mashine chini ya joto la hewa ya chumba. Inachofanya ni kuhamisha joto kutoka ndani ya mashine kwenda chumbani. ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia katika seva iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27 za Selsiasi. Mashine nyingi huvumilia hadi 35, lakini kwa kelele zaidi. Joto pia hufupisha umri wa vipuri: kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kapasita za aina ya elektroliti hupoteza nusu ya umri wake kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10.

Gharama ya umeme

Matumizi ya umeme hupatikana kwa kuzidisha wati kwa saa, kisha kugawanya kwa 1,000. Jibu ni kilowati-saa, ambayo watumiaji wa Luku huiita uniti. Seva ya wati 200 inayowaka mwezi mzima wa siku 30 hutumia:

200 × 24 × 30 ÷ 1,000 = uniti 144

Kwa kuchukua mfano wa shilingi 350 kwa uniti moja, matumizi ya mwezi ya mashine mbalimbali zinazowaka muda wote ni kama ifuatavyo:

Seva ya wati 300: uniti 216, shilingi 75,600
Seva ya wati 200: uniti 144, shilingi 50,400
Kompyuta ya mezani ya wati 60: uniti 43.2, shilingi 15,120
Kompyuta mpakato ya wati 20: uniti 14.4, shilingi 5,040
Kompyuta ndogo ya kadi moja ya wati 5: uniti 3.6, shilingi 1,260

Kwa mwaka, seva ya wati 200 hutumia uniti 1,752, yaani shilingi 613,200 kwa bei hiyo ya mfano. Mara nyingi kiasi hicho huzidi bei ya kuinunua.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hulibaini likiwa limekwisha kutokea. Tanesco ina kundi la wateja wadogo wa nyumbani, liitwalo D1, ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Bei ya uniti katika kundi hilo ni takriban theluthi moja ya bei ya kundi la kawaida, T1. Seva moja ya wati 200 hutumia karibu mara mbili ya kiwango hicho peke yake. Nyumba ikihamishwa kwenda T1, bei hupanda kwa taa, redio, jokofu na kila kitu kingine. Hasara basi inakuwa kubwa kuliko uniti za seva zenyewe.

Kiyoyozi huongeza gharama zaidi. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban theluthi moja ya wati za joto kinaloliondoa. Kuondoa joto la seva ya wati 200 huhitaji wati nyingine 67 hivi, sawa na uniti 48 kwa mwezi.

Mazingira ya Handeni na Korogwe

Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, kwenye kimo cha takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Handeni iko kusini-magharibi yake, kwenye uwanda wa juu zaidi na mkavu zaidi. Miezi ya joto kali ni kuanzia Desemba hadi Machi, na mjini Korogwe joto la mchana hufikia nyuzijoto 32 au zaidi. Hii ina maana kwamba kwa sehemu ya mwaka hewa ya nje yenyewe imepita kiwango cha 27 kinachopendekezwa. Kufungua dirisha husaidia, lakini hakuishushi hewa chini ya joto la nje.

Ujenzi wa nyumba nao unahusika. Nyumba nyingi zina paa la bati, na nyingine hazina dari. Bati hupata joto jingi mchana na kulirudisha ndani hadi jioni. Mahali pasipo na dari, kuta za vyumba mara nyingi hazifiki kwenye bati, hivyo sauti hupita juu ya ukuta na kusikika katika vyumba vyote. Kufunga mlango wa chumba cha seva katika nyumba ya namna hiyo huzuia hewa zaidi kuliko kuzuia kelele.

Handeni inajulikana kwa ukavu na uhaba wa maji, na wakati wa kiangazi vumbi ni jingi. Feni za seva huvuta hewa nyingi: ili kuondoa wati 250 za joto kwa hewa inayopata ongezeko la nyuzijoto 10, zinahitajika takriban mita za ujazo 75 za hewa kila saa. Vumbi lililomo katika hewa hiyo hushika kwenye mapezi ya prosesa, huziba njia na kulazimisha feni kuzunguka kwa kasi zaidi. Wakati wa masika tatizo hugeuka kuwa unyevu, hasa Korogwe, na wadudu wanaotafuta mahali pakavu penye joto.

Jambo la afya lililo zito zaidi ni usingizi na malaria. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku. Seva bapa iliyotulia huweza kupita kiwango hicho kwa mbali. Kuhusu joto, tafiti katika nchi mbalimbali zenye malaria zimeonyesha kwamba joto ni mojawapo ya sababu zinazotajwa mara kwa mara na watu wasiolala ndani ya chandarua. Mashine inayopasha chumba cha kulala usiku kucha inaweza kumfanya mtoto aondoe chandarua. Korogwe ni eneo lenye historia ndefu ya malaria na lilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya RTS,S, hivyo hoja hii si ndogo.

Kukatika kwa umeme

Wilaya ya Korogwe ina kituo cha kufua umeme kwa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilichojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani. Hata hivyo kuwa jirani na kituo hakuzuii umeme kukatika, kwa sababu umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Tanzania imepitia vipindi vya mgao wa umeme, kwa mfano mwaka 2006, 2011 na 2023. Hali ya uzalishaji ilibadilika mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililopangwa kutoa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha. Hitilafu za nyaya na transfoma huendelea kuwapo mahali pengi.

Seva haipendi kuzimwa ghafla. Mafaili yaliyokuwa yakiandikwa huharibika, na diski za zamani huweza kukataa kuwaka tena. Betri ya akiba ya kompyuta, maarufu kama UPS, huwa mara nyingi na betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7. Hiyo ina akiba ya wati-saa 84 tu, na kwa mzigo wa wati 200 haitoshi hata nusu saa. Kazi yake sahihi ni kuipa seva muda wa kujizima kwa utaratibu.

Umeme wa jua unawezekana lakini ni ghali kwa mzigo huu. Wati 200 kwa saa 24 ni kilowati-saa 4.8 kila siku. Kwa saa tano za jua zuri kwa siku zinahitajika paneli za kilowati moja au zaidi, pamoja na betri za kupitisha usiku mzima. Mtambo huo ungetosha taa, televisheni na jokofu dogo la familia.

Namna ya kuishi nazo

Wanaoamua kubaki na seva ya zamani hutumia njia zifuatazo kupunguza madhara:

Kupima kwanza. Kipimo kidogo cha wati kinachochomekwa kwenye soketi huonyesha matumizi halisi. Asiye nacho anaweza kuzima vifaa vingine vyote na kusoma mita ya Luku kabla na baada ya saa moja.

Kuwasha kwa saa chache. Mwanafunzi anayejifunza kwa saa nne kila jioni hutumia uniti 24 kwa mwezi badala ya 144. Seva iliyozimwa huendelea kuvuta wati kadhaa, kwa hiyo waya huchomolewa kabisa.

Kupunguza vipuri. Kuondoa prosesa ya pili, diski zisizotumika na kisanduku cha pili cha umeme hupunguza wati, joto na kelele kwa pamoja. Wafanyao hivyo hufuata kitabu cha mashine, kwa kuwa baadhi ya nafasi za kumbukumbu hutegemea prosesa ya pili.

Kuchagua mahali. Stoo yenye matundu ya hewa, mbali na vyumba vya kulala na jiko la mkaa, ni bora kuliko sebule. Hewa huingia mbele na kutoka nyuma, hivyo nyuma ya mashine isielekezwe ukutani, na mashine isiwekwe ndani ya kabati lililofungwa wala kufunikwa kitambaa.

Kuacha mfuniko mahali pake. Watu wengi hufungua mfuniko wakidhani mashine itapoa. Kinyume chake ni kweli: mfuniko ndio unaoongoza hewa ipite juu ya prosesa.

Kusafisha. Mahali pa vumbi mashine husafishwa kila baada ya miezi michache, ikiwa imechomolewa, kwa brashi laini na pampu ya hewa. Feni hushikiliwa zisizunguke wakati wa kupuliza.

Usalama wa umeme. Seva huhitaji soketi yenye waya wa ethi uliofungwa vizuri na fundi. Kuunganisha seva, pasi na jokofu kwenye waya mmoja wa kurefusha ni hatari ya moto. Uzito wa seva ya 2U huwa kilo 20 hadi 30, kwa hiyo huinuliwa na watu wawili.

Kubadilisha feni kwa zile tulivu hufanywa na baadhi ya mafundi, lakini feni tulivu kwa kawaida hupitisha hewa kidogo. Katika chumba cha nyuzijoto 30 badiliko hilo linaweza kuunguza mashine, na seva nyingine hukataa kuwaka zikikuta feni wasizozijua.

Manufaa

Pamoja na hayo seva kuukuu si takataka. Imejengwa imara, kumbukumbu yake husahihisha makosa madogo yenyewe, na vipuri vyake hufunguka bila bisibisi. Mwanafunzi anaweza kuondoa diski mashine ikiwa inafanya kazi, kujifunza kupanga diski kwa mfumo wa RAID, kuweka Linux na kuendesha kompyuta pepe kadhaa ndani ya mashine moja. Ujuzi huo ndio unaohitajika katika ofisi za benki, simu na serikali, na ni vigumu kuupata kwa kusoma kitabu peke yake. RAID hata hivyo si nakala ya akiba: moto, mwizi au kosa la mtumiaji hufuta diski zote kwa pamoja.

Kwa hiyo kazi mbili hutenganishwa. Kwa kujifunza, seva ya zamani hufaa na huwashwa inapohitajika. Kwa huduma ya muda wote, mashine ndogo hufaa zaidi.

Mashine mbadala

Kompyuta mpakato ya zamani yenye kioo kilichopasuka bado inaweza kuwa seva nzuri ya nyumba au shule. Hutumia takriban wati 20, kelele zake ni ndogo, na betri yake huivusha wakati umeme unapokatika. Kompyuta za kadi moja kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, hutumia wati chache tu na huweza kuwashwa kwa paneli ndogo ya jua.

Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, programu huria ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kuhifadhi kamusi elezo nzima na kuisambaza kwa simu na kompyuta za darasani bila intaneti. Kazi hiyo haihitaji seva ya wati 200. Shule inayopewa seva kuukuu kama msaada hufanya vyema kuuliza kwanza idadi ya wati, kwa sababu ankara itakuja kila mwezi baada ya mfadhili kuondoka.

Mwisho wa mashine

Seva iliyokufa ina shaba, alumini na dhahabu kidogo, lakini pia risasi na plastiki zenye kemikali za kuzuia moto. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu aina ya dioksini. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 kuhusu taka za hatari, na mwaka 2021 ilitunga kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki.

Kabla ya kuitoa mashine, mmiliki hufuta diski kabisa au kuzitoboa, kwa kuwa picha, nywila na kumbukumbu za fedha hubaki humo hata faili likifutwa kwa njia ya kawaida. Feni, diski nzima, kumbukumbu na nyaya hutolewa kwa matumizi mengine, na mabaki hupelekwa kwa mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye kibali.